Uzoefu wangu na Shinsekai Yori: kijiji kizuri kilichonikosesha usingizi

Kama unatafuta anime (katuni ya Kijapani) ya baada ya maangamizi yenye magofu, mapanga na roboti za kubomoa miji, Shinsekai Yori haitakufaa. Hii ni hadithi ya kijiji kizuri. Kuna mto, kuna mashamba ya mpunga, nyumba za mbao na mifereji ya mashua, na jua likianza kuzama kipaza sauti kinapiga muziki wa taratibu wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Hakuna vita wala polisi, na hakuna anayekumbuka mara ya mwisho mtu kumpiga mwenzake. Nimetazama anime nyingi za kutisha, za damu na za mapepo, na hakuna hata moja iliyoniingia na kukaa ndani yangu namna hii. Ninaiandikia kwa sababu watazamaji wetu wengi hawaijui, na wanaoijua wengi waliiacha njiani kabla haijafunguka.

Ina sehemu 25. Ilitengenezwa na studio ya A-1 Pictures, mwongozaji akiwa Masashi Ishihama, na ilionyeshwa na TV Asahi kule Japani kuanzia Septemba 2012 hadi Machi 2013. Chanzo chake ni riwaya ya Yusuke Kishi iliyotoka mwaka 2008 na kutunukiwa Nihon SF Taisho, moja ya tuzo kubwa za fasihi ya kisayansi nchini humo. Kishi ni mtunzi wa hadithi za kutisha, na utamtambua kwa jinsi asivyokuwa na haraka. Anakuonyesha mlango, anakuacha uuzoee, kisha siku nyingine unagundua ulikuwa umefungwa kwa nje.

Tuko Japani, miaka kama elfu moja kuanzia sasa, mahali panapoitwa Kamisu 66. Kamisu ni mji wa kweli katika mkoa wa Ibaraki, mashariki ya Tokyo, karibu na mto Tone unapomwaga maji baharini. Katika hadithi, pamebaki vitongoji saba vyenye watu kama 3,000, vimezungushiwa kamba takatifu ambayo watoto wameonywa wasiivuke. Kila mtu mzima pale ana juryoku, yaani uwezo wa kusogeza, kuwasha na kugeuza vitu kwa nia yake tu. Msimuliaji wetu ni Saki Watanabe. Tunaanza naye akiwa na umri wa miaka 12, tunamkuta tena akiwa na 14, kisha 26, na yeye mwenyewe anatusimulia akiwa mtu mzima anayeandika ili wa vizazi vijavyo wasome.

Saki amechelewa. Wenzake wote wameshapata uwezo na kuhamia shule ya juu, yeye bado. Usiku mmoja anasikia wazazi wake wakizungumza chumba cha pili. Baba yake ni meya, mama yake ni mkuu wa maktaba, hao ni watu wenye mamlaka. Na mama analia, anasema hataki kumpoteza mtoto mwingine. Saki hajawahi kuambiwa kwamba kulikuwa na mtoto mwingine. Hapo ni sehemu ya kwanza tu, na hakuna muziki wa kukushtua, hakuna anayepiga kelele. Ni mama analia kwa sauti ya chini ili bintiye asisikie. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, maana nilidhani maandishi ya chini yamekosea.

Uwezo unakuja, Saki anahamia shule ya juu, unashusha pumzi. Sasa waangalie watoto darasani. Wanajenga minara ya karata kwa juryoku. Kuna msichana mmoja, Reiko, mikono inamtetemeka, karata zake zinaanguka na kumwangushia mwenzake. Anaomba radhi. Baadaye kunafanyika mashindano ya kusukuma mpira kwa juryoku, na mvulana wa kundi jingine, Manabu, anacheza rafu ili ashinde. Baada ya muda hao wawili hawapo. Hakuna mazishi, hakuna tangazo, mwalimu anaendelea kutabasamu. Kilichonitisha zaidi ni wenzao: hawaulizi. Si kwamba wanaogopa kuuliza. Swali lenyewe halizaliwi vichwani mwao. Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi. Kamisu 66 wanamkunja kwelikweli, na asiyekunjika huondolewa, na waliobaki huondolewa kumbukumbu yake.

Halafu Saki na wenzake wanne wanakwenda kambi ya kiangazi kwa mitumbwi, wanapanda mto Tone, na wanamnasa kiumbe wa ajabu ambaye kwa kweli ni mashine: maktaba inayotembea, iliyobeba vitabu vya ulimwengu wa kale. Wanaishurutisha izungumze. Hapa, sehemu ya 4, ndipo anime inapofungua daftari lake, na nakushauri uitazame ukiwa macho kabisa maana maelezo ni mengi.

Inasema hivi. Mwaka 2011 mwanasayansi mmoja wa Azerbaijan alithibitisha kwa mara ya kwanza kwamba uwezo huo upo. (Kumbuka riwaya ilitoka 2008, kwa hiyo mtunzi alikuwa anaweka tarehe ya jirani kabisa.) Wenye uwezo walikuwa asilimia 0.3 ya watu wote duniani. Wachache kati yao wakaanza kuua, wasio nao wakajibu kwa hofu na kuwawinda, serikali zikaanguka. Zikafuata falme ambamo wachache wenye uwezo waliwatawala wengine wote kama watumwa kwa mamia ya miaka. Kuna mfalme ambaye siku ya kutawazwa kwake watu walipiga makofi siku tatu mchana na usiku, kwa sababu mia wa kwanza kuacha kupiga makofi walichomwa moto. Tukio hilo linaonyeshwa mapema, bila maelezo yoyote: umati, tabasamu zilizokauka, viganja vinavyogongana, mtu mmoja anachoka. Nilipolitazama sikulielewa. Nilipolielewa nililiona upya.

Swali ambalo anime nzima inalizunguka ni hili: ikiwa kila jirani yako anaweza kukuua kwa kukutazama tu, mtaishije pamoja? Jibu la wahenga wa Kamisu ni la kisayansi, na lilinigusa kwa sababu ambayo mtazamaji wa Osaka pengine haioni. Waliwatazama wanyama. Waliona sokwe wa kawaida humaliza ugomvi kwa kuumana na kuuana, ilhali bonobo humaliza ugomvi kwa kukumbatiana, kubembelezana na kujamiiana. Basi wakaijenga jamii yao kwa mfano wa bonobo. Sasa, bonobo wa porini wanapatikana nchi moja tu duniani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa mto Kongo. Wajapani wanawajua vizuri kwa sababu mtafiti wao Takayoshi Kano alianza kuwafuatilia huko Wamba katika miaka ya 1970, na kazi hiyo ilirithiwa na Wajapani wenzake. Sishangai kwamba wazo hilo limetoka kalamu ya Mjapani.

Na si bonobo tu. Katika dunia ya Saki kuna viumbe wanaoitwa bakenezumi, wenye kimo cha mtoto, ngozi yenye mikunjo isiyo na manyoya na meno yaliyochomoza, wanaowaita binadamu "miungu" na kuwafanyia kazi. Watoto wanafundishwa kwamba asili yao ni fuko wasio na manyoya. Hao ni wanyama wa kwetu. Wanaishi Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukiwa Tsavo au pande za Isiolo msimu wa mvua unaweza kuona udongo unarushwa juu kutoka kwenye kitundu kidogo mithili ya volkano ya kuchezea, na huyo ndiye fuko anayefagia handaki lake. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis aliandika kwamba fuko hao huishi namna ya nyuki: malkia mmoja anayezaa, na wengine wote wafanyakazi na walinzi. Ndivyo makundi ya bakenezumi yalivyo, kila moja na malkia wake. Nilifurahi kuona jinsi mtunzi alivyousoma maumbile kwa heshima na kuyafanya yabebe hadithi. Yeyote aliyewahi kumwona fuko huyu kwenye picha na kumcheka kwa ubaya wa sura, atajikuta anaulizwa jambo zito kabla ya sehemu ya 25 kwisha.

Kubembelezana hakukutosha, kwa hiyo wahenga wakaongeza kizuizi mwilini. Mtu wa Kamisu akitambua kwamba ameua binadamu mwenzake, viungo vyake mwenyewe vinagoma, moyo unasimama, anakufa. Hicho ndicho chanzo cha amani ile yote ya mashamba na muziki wa jioni. Na hapo ndipo mtazamaji anaanza kuhesabu: je, mtoto akizaliwa bila kizuizi hicho? Angeweza kuua kijiji kizima, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angeweza kuinua mkono dhidi yake, kwa sababu kumwua yeye ni kujiua. Kiumbe huyo wanamwita akki. Ndiyo maana Bodi ya Elimu, ndiyo, Bodi ya Elimu, ina mamlaka juu ya kila aliye chini ya miaka 17, na sheria inasema hadi umri huo mtoto hajahesabiwa kuwa na haki za binadamu. Mwenye dalili mbaya anatumiwa paka najisi, mnyama mkubwa kama chui, anayefika kimya nyuma ya mtoto.

Kuanzia hapa nitagusa mambo ya katikati. Usiyetaka kujua, ruka aya tatu.

Shun ndiye mtoto mpole kuliko wote katika kundi lao, na mwenye kipaji kuliko wote. Maradhi yanayomkumba si ya ukatili. Uwezo wake unavuja bila yeye kutaka, unapotosha kila kilicho karibu naye: miti, ardhi, nyumba, mbwa wake Subaru. Katika sehemu ya 10 Saki anamfuata hadi kibanda alikohamishiwa peke yake, na wanazungumza usiku kucha, Shun akiwa amevaa kinyago. Anamweleza ugonjwa wake kwa utulivu wa mwanafunzi anayejibu swali la mtihani. Vitu vinaanza kuelea na kukunjamana chumbani, naye anamwomba Saki aondoke. Mchoro wa sehemu hii umebadilika kabisa, mistari imelegea, rangi zimezidi, na kwangu mimi ulifanya kazi: nilihisi macho yangu nayo yameanza kuugua. Sehemu nzima nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda.

Lakini pigo lenyewe liko sehemu ya 11. Saki anaamka, maisha yanaendelea, na katika kundi lao kuna mvulana mwingine, Ryou, ambaye kila mtu anakumbuka alikuwa nao tangu utotoni. Kumbukumbu za kambini zipo, mtumbwi upo, mazungumzo yapo, ila mwenye kusema maneno yale sasa ana sura ya Ryou. Saki anahisi hailingani. Wanamkumbuka rafiki waliyempenda, wanajua alikuwepo, na mahali pa uso wake pana giza tu. Hawana hata jina la kumwita. Nimefiwa, kama wengi wetu, na najua namna tunavyowatunza marehemu: tunawataja, tunawapa watoto majina yao. Kuona watoto walionyimwa hata hilo kulinitoa machozi kuliko kifo chenyewe.

Halafu wanakuletea bibi. Tomiko ndiye kiongozi wa Kamati ya Maadili, mwenye umri wa zaidi ya miaka mia mbili, na anamkaribisha Saki kwa chai na upole. Anamsimulia habari za mvulana aliyeitwa K, akki aliyeua watu wengi sana mji ukiwa hauna la kufanya, hadi daktari mmoja alipojitoa mhanga na kumdunga sindano ya sumu. Yeye Tomiko alikuwepo. Aliyaona. Ukisikiliza unajikuta, kwa dakika moja, unakubaliana naye; unasema moyoni, mimi pia ningewatuma wale paka. Hicho ndicho ninachokiheshimu zaidi katika anime hii. Haikupi mwovu wa kumrushia mawe. Wanaoua watoto ni watu wenye hofu ya kweli, waliozika watu wa kweli, wanaowapenda watoto waliobaki. Mama yake Saki anajua kila kitu na bado anakwenda kazini kila asubuhi.

Upande wa bakenezumi kuna mhusika ambaye sitamsahau, Squealer, anayepewa sauti na Daisuke Namikawa. Anapotokea mara ya kwanza anainama, anasifu, anajidhalilisha mbele ya watoto. Msikilize vizuri. Kila anaporudi, miaka ikipita, adabu ni ileile lakini sentensi zimezidi kunyooka, na maneno yake yana hesabu ndani. Kuna safari ambayo Saki na Satoru, mmoja wa wale wenzake wa kambini, wanapelekwa kwenye makazi yake mapya, wanakuta majengo ya zege na baraza la wawakilishi, kisha wanaomba kumwona malkia. Alivyo malkia yule katika banda lake ni jambo ambalo sitalieleza. Na Saki akifikisha miaka 26 tunamkuta mtumishi wa ofisi inayosimamia bakenezumi, mezani pana fomu: makundi yakitaka kupigana vita, yanaleta ombi kwa maandishi, yeye analipitia. Anaifanya kazi hiyo bila chuki yoyote. Angalia fomu zile kwa makini, maana hadithi yote ya mwisho imeandikwa humo.

Nina malalamiko. Fedha za utengenezaji hazikuwa nyingi, na inaonekana: kuna mapigano ambayo picha zinasimama, na kuna nyuso zinazobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sehemu ya 5 ina mtindo wa mchoro ulio tofauti na wa kabla yake, na tofauti na ile ya 10, hapa sikuona sababu, nilitoka tu kwenye hadithi. Sehemu ya 5 hadi ya 7 pia zina kutangatanga kwingi katika mahandaki na vita vya makundi ambayo bado huna sababu ya kuyajali. Utayajali baadaye, lakini wakati ule unatazama saa. Kuruka miaka nako kunachanganya, kwa sababu anayeruka hakuambii vizuri nani amekwenda wapi.

Muziki wa Shigeo Komori ni wa kwaya na ngoma nzito, unaosikika kama ibada ya dini usiyoijua. Hakuna wimbo wa kufungulia. Sehemu inaanza na unazama moja kwa moja. Ule muziki wa jioni ni mwendo wa polepole wa simfonia ya tisa ya Dvořák, aliyoitunga Marekani mwaka 1893 na ambayo jina lake, "Kutoka Ulimwengu Mpya", ndilo lililopewa hadithi hii. Japani ya leo, miji kadhaa huupiga jioni kweli kwa vipaza sauti. Siku hizi nikiusikia popote mwili unanisisimka.

Kwa wazazi na walezi: hii si katuni ya watoto, hata kama wahusika ni watoto. Kuna vifo vya kutisha, na kuna mapenzi kati ya vijana wa miaka 14, wa jinsia moja na wa jinsia tofauti, yanayotokana na ule mpango wa bonobo. Anime inayaonyesha kwa staha na kwa sababu. Manga yake, yaani hadithi hii katika vitabu vya picha, imeyafanya ya kutamanisha macho, na sikuipenda, niliiweka chini mapema.

Ushauri wangu wa kutazama. Tazama kwa Kijapani, sauti ni bora mno. Andika majina pembeni, hasa ya makundi ya bakenezumi, utayahitaji. Usiangalie maoni ya watu kuhusu sehemu mbili za mwisho kabla hujafika. Kama bando lako ni la kubana, pakua hadi sehemu ya 4 kwanza; ukiimaliza ile maktaba na bado hujavutwa, iache bila kujilaumu, ladha hazilingani. Ukivutwa, pakua zilizobaki zote kwa pamoja, kwa maana kuanzia ya 16 hutaweza kusimama.

Na ukifika kwenye kesi, ile ya sehemu ya 25, pale mshtakiwa anapoulizwa yeye ni nani na ukumbi mzima unaangua kicheko kwa jibu lake, nakuomba uniandikie. Nimeshabishana na rafiki zangu kuhusu adhabu aliyopewa na kuhusu alichokifanya Saki baadaye, na hatujakubaliana. Mimi nasema Saki alifanya haki. Nataka kusikia wewe unasemaje.